Dodoma bado inachorwa: tudai njia za baiskeli kabla zege halijamwagwa

Mwana wa Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Anayetaka kujua kama Dodoma ina waendesha baiskeli asimame alfajiri pembeni ya barabara ya Singida, upande wa Kizota, kabla magari hayajachangamka. Atawaona walinzi wanaotoka lindoni, mafundi ujenzi waliofunga zana kwenye keria wakiwahi saiti, wauza maziwa wenye madumu ubavuni, vijana wa mkaa waliopakia magunia mpaka mwendeshaji mwenyewe haonekani. Wote wamebanwa ukingoni mwa lami, pale mchanga ulipojaa na lami ilipomeguka. Kushoto mtaro wa mawe usio na mfuniko, kulia lori la kwenda Rwanda au Burundi. Hao ndio waendesha baiskeli wa jiji hili, na barabara inapochorwa ni nadra mtu kuwauliza kitu.

Nina jambo moja la kusema: huu ndio wakati wa kudai, maana Dodoma bado inachorwa. Miji mingi mikubwa inabomoa ili ipate nafasi ya baiskeli. Sisi nafasi tunayo, tunachotakiwa ni kuwahi.

Wengi hawajui kwamba makao makuu haya yalipobuniwa, yalibuniwa kwa ajili ya mtu wa miguu, wa baiskeli na wa basi. Uamuzi wa kuhamia hapa ulipita 1973, mwaka uleule bei ya mafuta duniani ilipopaa, na mwaka huohuo ikaundwa CDA, mamlaka ya kuustawisha mji huu wa makao makuu. Mpango mkuu wa kwanza ukatoka 1976, umeandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mpango ule uliweka miguu, baiskeli na basi mbele, gari binafsi likaja nyuma. Makazi yalipangwa kwa jumuiya, kila moja na huduma zake za karibu, na basi la kuziunganisha. Mengi hayakujengwa kama yalivyochorwa, na CDA yenyewe ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikahamia halmashauri. Lakini anayetuambia njia za baiskeli ni mambo ya Ulaya aonyeshwe kwamba zilikuwa kwenye wazo la msingi la mji wake mwenyewe.

Sasa angalieni kasi. Serikali ilitangaza kuhamia kweli mwaka 2016, hadhi ya jiji ikaja tarehe 26 Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 ndani ya mipaka ya jiji hili. Sensa ya 2022 ikakuta 765,179. Mtumba ilikuwa pori na mashamba, leo wizara ziko pale. Treni ya SGR inashusha abiria Mkonze tangu 2024. Barabara ya mzunguko wa nje, kilomita 112.3, imepata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Dodoma imo pia kwenye miji 12 ya kundi la kwanza la mradi wa TACTIC, wa kuboresha miundombinu ya miji, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Ni nadra mji kupata lami nyingi hivi ndani ya kizazi kimoja, na lami ikishakaa, inakaa miaka mingi.

Tunachodai si kilomita mia za njia nyekundu kama za Ulaya tunazoziona kwenye picha. Ukitembea na waendesha baiskeli wa kila siku utasikia wanalia na sehemu zilezile: njia panda, vipilefti na makalavati. Bega la barabara linakuja vizuri, pana, halafu likifika kwenye kalavati linakatika ghafla na mtu anamwagwa mbele ya magari. Kwenye kipilefti hakuna kabisa pa kupita. Kingo za zege kwenye njia za waenda kwa miguu zimeinuka kiasi kwamba baiskeli yenye mzigo haiwezi kupanda wala kushuka. Mita mia mbili za hovyo katikati ya kilomita tano nzuri zinatosha kumfanya mzazi akatae mtoto asiende shule na baiskeli. Kwa hiyo dai la kwanza ni mwendelezo. Pale njia inapokatika, iunganishwe, hata kama ni kwa kupanua kalavati moja na kushusha kingo nne.

Nimeandika kirefu, naomba michango. Hasa nataka kusikia kutoka kwa wanaoendesha kwa riziki.

Fundi wa Chang'ombe

Mkuu umegusa penyewe. Mimi ni fundi baiskeli, kijiwe changu kiko hapa Chang'ombe miaka mingi. Wateja wangu si watu wa mazoezi, ni watu wa kazi. Baiskeli ikilala kwa fundi siku moja, nyumbani kwa mtu hakuliwi.

Niwaambie kitu ambacho wanaochora barabara hawakioni. Rimu zinazokuja kwangu zimepinda mahali pamoja, mbele, na sababu ni ile ngazi ya lami. Barabara inawekwa tabaka jipya juu, pembeni panabaki chini. Mtu anatolewa barabarani na honi, anashuka ile ngazi na gunia nyuma, spoku zinakatika au rimu inapinda. Akirudi kupanda ndiyo anaanguka. Ukiniuliza mimi dai moja tu, nitasema bega la barabara lisawazishwe na lami na lifagiliwe mchanga. Hiyo haihitaji mradi, ni matengenezo ya kawaida.

Mpita Njia Dom

Wakuu, nia ni njema ila tuwe wakweli. Dodoma ina upepo, ina jua, ina vumbi, ina mbigili. Mtumishi wa kutoka Area C aende Mtumba kilomita kumi na saba kwenye baiskeli akiwa na suti? Na upepo wa mashariki unampiga usoni njia nzima? Nadhani tudai mabasi ya uhakika kwanza. Baiskeli ni kwa miji yenye hali ya hewa ya ubaridi.

Mwana wa Nkuhungu

Mpita Njia, hoja yako ni nzuri na naijibu kwa heshima.

Kuhusu Mtumba nakubaliana nawe. Kilomita 17 kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 15 kwa saa ni zaidi ya saa nzima, na upepo wa mashariki asubuhi unakutana nao uso kwa uso. Mtumishi wa wizarani apewe basi. Lakini mlinzi, mpishi, mfanya usafi na fundi wanaoishi Ihumwa au Nzuguni wao wako karibu zaidi, na wengi wanaenda kwa miguu au kwa baiskeli hivi tunavyoongea. Safari nyingi za mji huu ni fupi. Nkuhungu hadi Majengo, Ipagala hadi Nanenane, Chamwino ya hapa mjini hadi Sabasaba. Kilomita tano ni dakika ishirini bila kutoka jasho la kutisha. Na mji wenyewe, ukiacha vilima kama Mlimwa na ule mpando wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ni tambarare kuliko Mwanza au Mbeya.

Jua nalo lina dawa. Sevilla kule Hispania kiangazi joto linapita nyuzi 40, zaidi ya tunalopata sisi. Walijenga njia zinazoungana, kama kilomita 80, kati ya 2006 na 2007, na watu wakapanda baiskeli kwa wingi. Siri yao ilikuwa njia kuungana zote kwa pamoja badala ya kipande hapa na kipande kule. Sisi kwa jua tunayo miarobaini. Kampeni ya kukijanisha Dodoma ilizinduliwa Desemba 2017, miti mingi imepandwa pembeni mwa barabara. Tuombe safu inayofuata ipandwe kati ya njia ya baiskeli na barabara ya magari, upande utakaotupa kivuli mchana. Mti uleule, shimo lilelile, ila umepandwa mahali penye faida mara mbili.

Mbigili sina la kusema, mwachie fundi.

Fundi wa Chang'ombe

Mbigili inakaa penye udongo mkavu pembeni. Mtu akipata pa kupita kwenye lami safi, pancha zinapungua zenyewe. Kwa sasa weka utepe wa tyubu ya zamani ndani ya tairi, vijana wote wa maziwa wanafanya hivyo.

Mama wa Ilazo

Habari zenu ndugu zangu. Mimi naomba niongee kama mzazi na kama mwanamke.

Binti yangu yuko sekondari, shule iko mbali na nyumbani. Baba yake alimnunulia baiskeli ya mtumba, ile ya fremu ya chini, nzuri kabisa, ina kifuniko cha cheni ili sketi isinaswe. Inakaa ndani. Nimemkataza kwa sababu kuna barabara moja lazima aivuke na magari pale hayasimami, na kwa sababu ya maneno ambayo wanaume wanawarushia wasichana wakiwa juu ya baiskeli. Hilo la pili hamjalitaja kwa kuwa wengi wenu ni wanaume. Wanawake wangekuwa wengi barabarani maneno yangepungua, lakini hawawezi kuwa wengi kama barabara yenyewe inatisha. Ndiyo maana mimi naona suala la usalama wa barabara na suala la heshima ni moja.

Nimewahi kusoma habari za Uholanzi. Watu wanadhani kule walizaliwa na baiskeli. Miaka ya sitini magari yalikuwa yamejaa, na mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo, watoto wakiwa zaidi ya 400. Wazazi ndio waliotoka mitaani wakadai mauaji ya watoto yakome. Walifunga mitaa watoto wacheze, wakaandamana na baiskeli, wakabanana na wabunge wao. Njia za baiskeli zilizopo leo zilitoka kwenye uchungu ule. Mimi naomba kampeni yenu ianzie kwenye mageti ya shule. Diwani anaweza kumpuuza mwendesha baiskeli, ila hawezi kupuuza kamati ya shule yenye wazazi mia.

Mwana wa Nkuhungu

Mama yangu, ahsante sana. Nimeongea na wenzangu wawili watatu hapa mtaani na tumekubaliana shule iwe mwanzo.

Niongeze jambo la mwendo. Sheria yetu inasema kilomita 50 kwa saa ndani ya makazi. Mtoto anayegongwa na gari la mwendo wa 50 anapokea nguvu karibu mara tatu ya ile ya mwendo wa 30, maana nguvu hukua kwa mraba wa mwendo, si kwa mwendo wenyewe. Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilizitaka nchi ziweke 30 pale magari yanapochanganyika na watu wa miguu na baiskeli. Na hapa kwetu Tanzania tuna mfano wa kujivunia: shirika la usalama barabarani la Amend lilifanya mradi wa SARSAI kwenye shule za Dar es Salaam, kwa matuta, vivuko, vizuizi vya nguzo na vijia vya miguu, vitu vya bei ndogo, na mwaka 2019 mradi huo ukashinda tuzo ya kwanza ya Ross ya miji, inayotolewa na taasisi ya kimataifa ya utafiti ya WRI. Tusitafute mfano mbali.

Boda wa Sabasaba

Sisi bodaboda mnatusemaje? Maana kila ikija njia ya baiskeli, tunaambiwa sisi ndio wabaya. Barabara finyu, daladala inasimama popote, bajaji inakata kona bila taa. Nikiona kipenyo napita, nina marejesho ya pikipiki jioni.

Mwana wa Nkuhungu

Ndugu yangu, hakuna anayekuita mbaya. Baiskeli ikitolewa mbele yako, wewe pia unapata barabara iliyonyooka na huna haja ya kumkwepa mzee mwenye dumu la maji kwenye giza. Ila ndani ya njia ya baiskeli pikipiki isiingie, kwa sababu mwendo ni tofauti mno. Tungependa viongozi wa vijiwe vya boda wakae nasi mapema, wao wanajua kila shimo la mji huu.

Mtoka Dar

Naunga mkono hilo la kukaa na boda na wamachinga mapema. Mimi nimehamia hapa kikazi kutoka Dar. Kule barabara ya Morogoro ilijengewa njia za baiskeli pamoja na mwendokasi, awamu ya kwanza ilianza kutoa huduma 2016, na Dar ikapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Njia zile zipo, lami nzuri. Tatizo ni kwamba sehemu nyingi zimekuwa njia ya pikipiki na meza za biashara. Mama lishe na machinga wanafuata watu, na watu wako kwenye vituo. Mchoro haukuwapa pa kukaa, wakajipa wenyewe.

Kwa hiyo mkidai njia, daini kwenye mchoro huohuo sehemu ya biashara ndogo kando ya kila kituo, na nguzo fupi mwanzoni mwa njia ambazo baiskeli na kiti cha magurudumu vinapita ila pikipiki inapata shida. Pale Dar kuna UWABA, umoja wa waendesha baiskeli, wameanza harakati hizi siku nyingi, wanafanya misafara na kuongea na wahandisi. Watafuteni muwaulize walichojifunza.

Mkadiriaji

Salaam. Nafanya kazi kwenye ujenzi wa barabara, sitasema wapi. Naona hapa kuna moyo, niwape njia ya kupita.

Jambo la kwanza, jueni barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa: hiyo ya Morogoro, ya Singida, ya Iringa, ya kwenda Kondoa na Arusha, na hiyo ya mzunguko. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017. Watu wanakwenda halmashauri wanalalamika kuhusu barabara ya Singida, wanaandikiwa barua nzuri, na hakuna kinachotokea kwa sababu wamegonga mlango usiohusika. Barua ya kila barabara iende kwa mwenye barabara, nakala kwa diwani na mbunge.

Jambo la pili na kubwa zaidi ni muda. Barabara inapita kwenye upembuzi yakinifu, inakuja usanifu wa kina, inakuja zabuni, inakuja mkataba. Kwenye usanifu, kuongeza mita mbili za njia ya baiskeli ni mstari kwenye mchoro na tarakimu kwenye jedwali la gharama. Mkataba ukishasainiwa, kalavati lilelile ukitaka lirefushwe ni mabadiliko ya mkataba, fedha ya ziada, vibali, na mkandarasi anadai muda. Nimeshuhudia mapendekezo mazuri ya wananchi yakifika wakati mtambo wa zege uko saiti. Kila mtu anasikitika na hakuna anayeweza kufanya lolote.

Mlango wa kuingilia kwenye usanifu upo, na uko kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kwenye miradi mikubwa, na ndani yake wananchi lazima washirikishwe. Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika nazo zina masharti yao ya kuwasikiliza wadau, pamoja na utaratibu wa kupokea malalamiko. Vikao hivyo hutangazwa kwenye ofisi ya mtaa, wanahudhuria watu kumi na wawili, kumi kati yao wanauliza fidia. Ni haki yao kuuliza fidia. Ila hakuna anayeuliza baiskeli itapita wapi, na mshauri mwelekezi anaandika kwenye ripoti kwamba wananchi hawakuwa na hoja hiyo.

Na msiambiwe nafasi haipo. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipeleka hifadhi ya barabara kuu na za mkoa hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Ndani ya upana huo njia ya mita mbili inaenea na miti inabaki.

Mwana wa Nkuhungu

Mkadiriaji, mchango wako ungetosha kuwa uzi peke yake. Mita mbili umesema kwa sababu gani? Nimeona sehemu nyingi wanaandika moja na nusu.

Mkadiriaji

Moja na nusu inatosha baiskeli tupu ya mtu mmoja kwenda upande mmoja. Dodoma baiskeli si tupu. Magunia mawili ya mkaa yamening'inia pande zote, au guta la kubebea simenti, au baiskeli ya miguu mitatu ya mtu mwenye ulemavu. Hao ndio wapimeni. Ukichora kwa kipimo cha baiskeli ya mbio, guta linarudi barabarani na umefanya kazi bure.

Mzee wa Kikuyu

Vijana, nimesoma yote. Miaka ya sabini na themanini mtumishi wa serikali kuendesha Swala au Phoenix kwenda ofisini lilikuwa jambo la kawaida, na baiskeli ilikuwa mali ya kuheshimiwa. Mtu alioa akiwa nayo. Kilichobadilika ni kwamba tulianza kuona gari ndiyo maendeleo na baiskeli ndiyo umaskini. Mkienda kwenye vikao mtakutana na fikra hiyo hata kwa watu wema. Msiwagombeze. Waonyesheni kwamba mnataka barabara bora kwa wote, na mtajeni mlinzi wa ofisi yao kwa kazi yake, kwamba anafika kwa baiskeli saa kumi na moja alfajiri ili wao wakute geti liko wazi.

Mwanachuo UDOM

Shikamoo mzee. Mimi niko UDOM. Tuna wenzetu wanapenda baiskeli za milimani, wako tayari kuandaa msafara wa Jumapili kutoka chuoni mpaka Nyerere Square, kama Bogotá wanavyofunga barabara Jumapili tangu 1974, au Kigali wanavyofanya siku zao zisizo na magari tangu 2016. Si tuanze na hilo? Lina mvuto, vyombo vya habari watakuja.

Mwana wa Nkuhungu

Mdogo wangu, wazo ni zuri na nguvu zenu tunazihitaji, ila mimi nasita kuanza na msafara. Kama picha ya kwanza ya kampeni itakuwa vijana wenye kofia ngumu na nguo za kubana, viongozi watasema hii ni klabu ya michezo na watatupa barua ya pongezi na fulana. Natamani picha ya kwanza iwe ya muuza maziwa. Msafara uje baadaye, na ukija, taarifa kwa maandishi ifike polisi si chini ya saa 48 kabla, hiyo ni sheria, tusiipe nafasi ya kuharibu kazi.

Naomba badala yake wanachuo mtusaidie kuhesabu. Ninyi mna muda na mnajua kujaza fomu. Watu wawili kwenye kila njia panda, saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, siku ya kazi, safu chache tu kwenye karatasi: baiskeli ya mtu mmoja, baiskeli ya mzigo, guta, mwanafunzi, mwanamke, na safu ya mwisho ya mahali alipolazimika kutoka nje ya lami. Mhandisi hana la kufanya na hasira zetu, ila takwimu iliyokusanywa kwa utaratibu anaweza kuiweka kwenye mchoro wake.

Mwanachuo UDOM

Sawa kaka, nimekuelewa, ila sikubaliani asilimia zote. Watu wa mazoezi nao wanagongwa, na wao ndio wenye simu za kurekodi. Tufanye vyote viwili, kuhesabu kwanza. Nitaleta watu wa idara ya jiografia.

Mama wa Ilazo

Mimi nataka kujua lini. Tumeongea sana.

Mwana wa Nkuhungu

Mama, kalenda ni hii. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mapendekezo ya bajeti ya kata yanaanza kukusanywa miezi mingi kabla, kwenye mikutano ya mitaa, yanapanda kamati ya maendeleo ya kata, yanafika baraza la madiwani mwanzoni mwa mwaka, na Bunge linakaa kwenye bajeti kuanzia Aprili. Anayekuja na barua mwezi Mei amechelewa mwaka mzima. Kwa hiyo hesabu ya njia panda ifanyike mara shule zinapofunguliwa, na kwenye mkutano wa mtaa tuingie na karatasi mkononi na maombi machache yenye mahali na kipimo. Badala ya kuandika tu kwamba tunaomba usalama wa waendesha baiskeli, tuandike kwamba kwenye kalavati fulani, mbele ya shule fulani, bega lina upana wa sentimita kadhaa, tunaomba lifike mita mbili, na kingo zishushwe kwenye vivuko vyote viwili. Ombi la namna hiyo mwenyekiti wa mtaa anaweza kulisoma kwa sauti na afisa mtendaji akaliandika kwenye muhtasari bila kulifupisha.

Kwa Mkonze tutaandika barua tofauti: sehemu ya kufungia baiskeli yenye mlinzi na paa pale stesheni, na njia salama ya kufika. Abiria wa treni ya alfajiri anayetoka Kizota hana haja ya kulipa bajaji kama baiskeli yake italala salama.

Boda wa Sabasaba

Kijiwe chetu tumeongea. Mwenyekiti amesema atakuja kwenye mkutano, sharti lake ni moja, vituo vya boda viwekwe kwenye huo mchoro navyo.

Mkadiriaji

Sharti la haki. Liandikeni.

Fundi wa Chang'ombe

Fomu za kuhesabia zikishachapwa ziletwe kijiweni kwangu, nitazigawa kwa wateja wenye kujua kusoma na kuandika wajaze wao wenyewe sehemu ya mahali wanapopata shida. Na nimeongea na vijana watano wa ufundi kuhusu kuunda kikundi ili tuombe ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ambayo nne kati yake ni za vijana. Njia zikija, watu wa baiskeli wataongezeka, na mafundi wa kweli wamebaki wachache. Mwanachuo, mwambie mwenzako wa idara ya jiografia aje na ramani kubwa ya kata, tuibandike ukutani hapa, kila anayeleta pancha aweke alama alipoipatia.

Mwanachuo UDOM

Ramani ninayo tayari. Jumamosi asubuhi naileta. Gundi na kalamu nakuta huko?

Fundi wa Chang'ombe

Solusheni ipo ya kutosha. Kalamu njoo nazo.